Barua ya Heshima Imo Ndani ya Kopo la Unga

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana baada ya hapo hata ukinijibu kwa wino wa dhahabu haitanifaa kitu.

Mimi ni mkunga, nina miaka hamsini na sita, nimeolewa miaka thelathini na moja na mume mmoja huyohuyo, na nakwambia bila kuficha kwamba mume huyu amenichosha, hanipigi, halewi, hana mwanamke wa nje, kinachonichosha ni shule. Ndiyo, shule, tena ile sekondari ya serikali ya hapa kwetu tuliyosoma wote wawili, yeye akiwa mbele yangu madarasa mawili, na alikuwa kiranja mkuu, na mpaka leo watu wanamwita Kiranja na yeye anaitika, mtu ana mvi, ana wajukuu wawili, amestaafu idara ya maji alikokuwa msimamizi wa mabomba, lakini akipita getini pale akamkuta mwanafunzi hajachomekea shati anamsimamisha.

Sasa shule hiyo ina utaratibu wake, kila mwaka huchagua watu watano waliosoma pale wakafanya jambo la maana maishani, wanaitwa jukwaani siku ya shule, halafu picha zao zinabandikwa kwenye Ubao wa Waliong'ara, ule wa kwenye korido mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na ili uchaguliwe lazima mtu mwingine aliyesoma hapohapo akujazie fomu ya kukupendekeza, aeleze umefanya nini, na fomu inasema wazi kwamba anayependekeza asijitaje kwa mtu yeyote mpaka aliyechaguliwa athibitishe kwa maandishi, akijitaja fomu inafutwa. Mume wangu amependekezwa mara sita, Mshauri, na mara zote sita aliyempendekeza ni yeye mwenyewe, anatunga maneno, mimi nayanakili kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, kisha anampelekea kinyozi wake ambaye naye alisoma pale, anatia saini huku mkono wa pili umeshika wembe. Nikimwambia huu ni udanganyifu ananijibu, "Kanuni inataka saini ya mtu mwingine. Hiyo si saini ya mtu mwingine? Wewe nakili."

Na hayo maneno yenyewe, aibu naona mimi. Mwaka wa kwanza aliandika yeye ni mhandisi, wa pili akawa mhandisi mwandamizi, wa tatu mshauri wa serikali katika masuala ya maji, wa nne akaongeza kwamba aliwahi kuitwa timu ya taifa ya mpira akakataa kwa sababu ya masomo, nikaweka kalamu chini nikamwambia, "Baba watoto, hii hata kinyozi hataiamini," akanijibu asiyekubali kushindwa si mshindani. Kila mwaka majina yanatoka, lake halimo, ananuna wiki tatu, haongei na mtu, anafungua na kufunga mabomba ya nyumba nzima kana kwamba yamemkosea. Na jambo moja la kweli aliloifanyia shule ile hajaliandika hata mwaka mmoja, kwamba yeye na mafundi wenzake walichimba mtaro Jumamosi saba, kwa hiari yao, wakaingiza bomba mpaka bweni la wasichana, wasichana wakaacha kuvuka barabara kuu na ndoo kichwani. Nikimkumbusha anasema, "Bomba ni bomba tu, hapewi mtu picha kwa ajili ya bomba."

Mwaka jana niligoma kunakili, kinyozi akanakili mwenyewe, nasikia fomu ilifika shuleni na nywele ndani. Mwaka huu hakuniomba kabisa. Nikadhani amekata tamaa, nikashukuru, kumbe wapi, kalamu yangu nzuri ilipotea wiki nzima nikaikuta kwenye mfuko wa koti lake, nikajua ameshajiandikia kwa ule mwandiko wake wa kuku, na tangu hapo kila siku nikirudi kazini hata sijatua mkoba anauliza, "Mama watoto, barua imekuja?" Nauliza, "Barua gani?" Anasema, "Barua tu. Kwani barua haiwezi kuja?" Viatu vyake vyeusi amevipeleka kwa fundi, suti ameianika uani, halafu juzi kanitazama juu mpaka chini, kaniuliza, "Lile gauni lako la buluu bado linakuenea?" Mshauri, nilitaka kumrushia sufuria. Mtu anajiandaa kupanda jukwaani kwa uongo wake na bado anapata nafasi ya kunikumbusha unene.

Sasa sikia balaa lenyewe. Barua imekuja. Tarishi wa shule ameileta mpaka zahanati, nikavua glavu nikaipokea nikijua ni yake, kumbe ni yangu. Wamenichagua mimi. Nilijifungia stoo ya dawa nikaisoma nimesimama, wamenukuu maneno ya kwenye fomu, kwamba kwa miaka thelathini nimepokea watoto elfu tatu mia moja na kumi na wawili, na kila mmoja nimemwandika uzito wake na saa aliyozaliwa katika daftari zangu kumi na moja, na kwamba siku nikipoteza mtoto huvua viatu nje ya mlango wa nyumbani nikaingia peku, na sisemi neno mpaka nimemaliza chai. Nililia, Mshauri. Sijui nani amewaambia, zile daftari ziko kwenye sanduku juu ya kabati chumbani kwetu, hata kazini hawajawahi kuziona, nahisi ni yule muuguzi ninayefanya naye zamu, maana na yeye ni wa shule yetu na ana maneno mengi.

Mume wangu sijamwambia. Barua nimeificha ndani ya kopo la unga kwa sababu jikoni kitu pekee asichogusa ni unga. Nitamwambiaje mtu aliyeomba mara sita akakosa, kwamba mimi nimepata bila kuomba? Atanuna mpaka tuzikwe. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, lakini wanataka jibu la maandishi Ijumaa hii, na nimeshaandika barua ya kukataa, iko kwenye mkoba, nimewaomba nafasi yangu wampe yeye ili nyumba ipumue. Je, niipeleke? Au nithibitishe, niende peke yangu, nimwambie niko zamu? Nishauri, maana hata hasira zenyewe zimenichoka.

Ni mimi,
Mke wa Kiranja

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Kiranja,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kumi na tisa kwa sababu Ijumaa yako ni keshokutwa, kwa hiyo usitegemee nikubembeleze. Pole kwa miaka mitano ya kunakili uongo, na pole kwa mabomba ya nyumba yako. Pole zangu zimeishia hapo.

Sasa nikuulize. Wewe ni mkunga wa miaka thelathini, unamgusa mama tumbo ukajua mtoto amelalaje, halafu barua ya ukurasa mmoja imekushinda kusoma? Uliisoma kwa machozi. Mimi nimeyasoma maneno uliyoninukulia kwa miwani. Daftari ziko kwenye sanduku juu ya kabati, chumbani kwenu. Chumba hicho unalala na nani, muuguzi? Viatu unavivua nje ya mlango wa nyumbani kwako, si wa zahanati. Ile chai unayokunywa bila kusema neno, mezani umekaa na nani? Unamsingizia mwanamke wa watu, wakati aliyeteremsha sanduku akahesabu watoto elfu tatu na ushee, daftari baada ya daftari, ndiye aliyeisahau kalamu yako ndani ya koti.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe acha nikwambie tu. Mwaka huu Kiranja hakujipendekeza. Amekupendekeza wewe.

Utaniuliza mbona hasemi. Si umeniandikia mwenyewe? Akijitaja, fomu inafutwa. Huyo ni mtu anayesimamisha watoto wa wenzake kwa ajili ya shati. Kuizunguka kanuni kwa saini ya kinyozi anaweza, lakini kuivunja waziwazi hawezi, atapasuka kwanza. Ndiyo maana kila siku anauliza kama barua imekuja, na wewe kila siku unamjibu barua gani, huku barua imelala kwenye unga. Nyinyi wawili mngekuwa wanafunzi wangu ningewatoa nje mkapige magoti.

Na yeye usidhani nimemsamehe. Kumgeuza mke karani wa uongo miaka mitano ni utovu wa adabu, mwambie nimesema mimi. Aliandika ukubwa asiokuwa nao, akawapelekea watu wanaomjua tangu akivaa kaptula, sasa alitaka wafanye nini? Halafu ona, mwaka mmoja tu alioandika kitu alichokiona kwa macho yake, bila mhandisi, bila timu ya taifa, fomu ikapita, tena kwa mwandiko wa kuku. Sijui kama amelitambua hilo. Nadhani amelitambua, kwa sababu mtu hapeleki viatu kwa fundi kwa ajili ya kununa.

Tufanye nimekosea, mimi si mganga. Tufanye ni muuguzi kweli, alikuja kukujulia hali akachungulia sanduku. Barua itakuwa si yako? Umeniandikia kurasa nzima Kiranja anataka nini, Kiranja atanuna vipi, Kiranja hagusi nini jikoni. Wewe unataka nini hukuandika hata mstari mmoja. Uliandika tu kwamba ulijifungia stoo ukalia, na kwa hilo nimekujua. Unaitaka. Unaitaka sana, mama, na huna sababu ya kuona haya. Watoto elfu tatu si mchezo, na wale uliowavulia viatu mlangoni nao wamo kwenye hesabu yako.

Hilo la kumwachia mumeo nafasi yako lifute kichwani. Hii si sahani ya wali kwamba umsogezee mwenzio amalizie. Walimchagua mkunga, na wakipata barua yako ya kukataa watamwita mtu wa sita kwenye orodha yao, ambaye si mumeo, nawe utabaki umekosa na yeye atabaki amekosa, mkanunie chumba kimoja. Na kudanganya uko zamu, kisha picha yako ibandikwe kwenye ubao wa shule anayopita getini, huo ni utoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Barua ya kukataa ichane leo, leo hii, usilale nayo mkobani. Ile nyingine itoe kwenye kopo, ikung'ute, jaza sehemu ya kuthibitisha, na kesho uipeleke shuleni kwa miguu yako, wagonge muhuri ukiona. Kabla ya muhuri usimuulize mumeo kitu chochote, maana utamlazimisha ama aseme uongo ama avunje kanuni, na vyote viwili vitamnyima raha. Muhuri ukishagongwa, nenda nyumbani, weka barua mezani upande wake anaponywea chai, na umuulize swali moja tu: "Nani amewaambia habari ya viatu?" Kisha nyamaza. Atasema ni kinyozi. Usibishane naye. Mtazame tu mpaka aangalie pembeni.

Mwakani fomu zikitoka chukua moja, uijaze kwa huo mwandiko wako unaosomeka. Andika Jumamosi saba, andika mtaro, andika wasichana walioacha kuvuka barabara kuu na ndoo. Mistari mitano inatosha, na neno mhandisi nisilione. Saini iwe yako, na wewe ni wa shule ile. Kinyozi aendelee na vichwa vya watu. Halafu funga mdomo mpaka barua ije, ndipo utajua mwenzio amekaa na nini kifuani wiki zote hizi.

Nimalizie na lile gauni la buluu. Livae leo ujitazame. Likikubana, fundi cherehani ana siku kumi za kulipanua. Mumeo alikuwa anauliza hilo tu.