Sheria Isiyo na Lakini

Jumatatu, 5 Machi 1979. Ambanoro.

Leo nimelehemu shingo ya mtambo wa kukeneka mafuta ya maua ya langilangi kule kiwandani. Shaba bado ya moto. Fundi mwingine angengoja ipoe. Mimi nani aningojeshe? Kuna Mzungu aliwahi kutaka kuununua mkono huu. Nikamwambia hauuzwi bila mwenyewe.

Nimerudi nikachemsha kahawa ya watu wawili. Mazoea mabaya. Kikombe cha pili nimekimwaga.

Madi haji tena. Ametengwa.

Naandika kwa Kiswahili cha marehemu baba. Mitaani hapa ni Kimalagasi, majumbani Kikomoro. Kiswahili kimebaki cha dua na cha bei. Hakuna wa kusoma haya. Afadhali.

Jumatano, 7 Machi

Sheria ile niliileta mimi. Naandika wazi, maana sasa kila mtu anadai ilikuwa yake.

Mwaka jana vitu vya msikiti vilikuwa vinapotea. Ndoo, mkeka, mafuta ya taa. Na mafuta siku hizi ni adimu kama sabuni. Nikasimama mbele ya wanaume wote. Nikasema: wataalamu wa kale wa Ulaya wameichunguza jinai wakaimaliza. Mtu hutenda kosa kwa hiari yake. Hupima kwanza, utamu huku, uchungu huku. Basi adhabu iuzidi utamu kidogo tu, ijulikane mapema, iwe moja kwa wote. Hakuna lakini.

Nikawapa ushahidi wa Kurani. Kabili hakusukumwa na mtu. Alimwambia nduguye nitakuua, akanasihiwa, akapima, akaua. Na nduguze Yusufu je? Walikaa kikao kabisa! Tumwondoe kwanza, kisha tutakuwa watu wema. Muuza vitambaa hapigi hesabu namna hiyo. Imamu mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

Elimu hiyo nilipewa na Zaina, binti wa dada yangu, aliyesomea sheria. Chumvi niliitia mwenyewe.

Tukakubaliana: atakayeiba cha msikiti atatengwa mwaka mzima. Asisemeshwe, na atakayemsemesha atatengwa naye. Asipewe moto wala chumvi. Tena asitoe salamu, kwa kuwa kuitikia salamu ni faradhi, na sisi hatutaki dhambi. Hilo la salamu pia lilitoka kichwani mwangu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwezi uliopita Madi akakamatwa na dumu la mafuta ya msikiti. Madi, rafiki yangu. Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Nimechukua." Basi. Hukumu nilimsomea mimi. Sauti haikutetemeka. Nilikuwa hodari sana.

Ijumaa, 9 Machi

Madi ameswali safu ya mwisho. Mlangoni tukakutana uso kwa uso. Midomo yake ikaanza salamu. Akaifumba.

Nimekula wali mkavu. Nilitaka kumsimulia mtu habari ya yule papa niliyemfunga kwa kilemba changu kule Ambondrona. Hakuna mtu. Wengine hunikatiza, wengine hupiga miayo. Madi alikuwa akiuliza, "Kisha?" Ni wawili tu duniani walioniuliza hivyo. Wa kwanza mke wangu. Alipanda ndege na jamaa zake kwenda Ngazija, Wakomoro walipokuwa wakikimbia, nami nikasema nitafuata.

Nyumba kubwa hii. Zamani sikuiona kubwa.

Jumapili, 18 Machi. Mahajanga.

Nimekuja kutafuta risasi ya kulehemia. Meli ilitaka kuzama, nikamwelekeza nahodha. Nimefikia kwa dada, mtaa wa Mahabibo. Zamani nilijua nani anakohoa nyuma ya kila mlango. Sasa milango mingi ina makufuli, na mingine ina wenyewe wapya ambao hawanijui.

Zaina yupo, amekuja kumwona mama yake. Nikamweleza ushindi wangu. Nilidhani atajivuna. Akaweka kikombe chini.

"Mjomba, hiyo ni nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya niliyokueleza. Ulinikatiza ukaanza habari ya papa."

Akanipa nusu ya pili. Baada ya wale wa kale wakaja wengine. Wakasema ni kweli mtu huchagua, lakini watu hawachagui kwa nguvu moja. Mtazame mtoto. Mtazame mwenye kichaa. Mtazame aliyebanwa na dharura. Ukiwatwika mzigo mmoja watu wasio sawa, hujawafanyia usawa.

Kisha akasema tusifike hata Ulaya. Kabili ni Kabili, haya. Lakini Musa alimpiga mtu ngumi moja akafa, wala hakukusudia kuua. Na aliyeshikwa na njaa akala kilicho haramu, bila tamaa wala kuvuka mpaka, Kurani inasema hana dhambi. Na wale watatu waliobaki nyuma jeshi lilipotoka, wakatengwa mpaka ardhi ikawabana na upana wake wote.

"Umeona," nikasema. "Walitengwa!"

"Na walifunguliwa, Mjomba. Huyo Madi mlimuuliza sababu?"

"Tulimuuliza."

"Mkamsubiri?"

Sikumaliza chakula. Dada akadhani naumwa.

Jumatatu, 19 Machi

Nimekwenda mtaa aliokuwa akikaa Madi na mama yake, Bi Eshata, kabla hawajahamia kwetu. Nikamkuta jirani yao wa zamani, mama wa Kisakalava, mwenyeji wa pale, muuza vitumbua. Nikamwambia Madi ametengwa kwa dumu la mafuta ya taa. Mwiko wa kupindulia ukamtoka mkononi.

Akanieleza. Siku zile mbaya za mwaka wa sabini na sita, Wakomoro walipokuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba na kuuawa hapa Mahajanga, yeye ndiye aliyemficha Bi Eshata. Ghala la mkaa, mlango umefungwa kwa nje, giza tupu. Alitoka mzima wa mwili. Lakini tangu hapo taa ikizimika hupiga mayowe, hujirarua nguo, hamjui hata mwanawe. Lazima taa iwake usiku kucha. Na mafuta hayapatikani.

Sisi Ambanoro tunajua bibi ni dhaifu tu. Madi amemsitiri. Alikubali kuitwa mwizi ili mama yake asiitwe mwendawazimu.

"Usimwambie mtu," mama yule akasema. "Madi utamuua."

Kuniambia mimi nisiseme! Nimeapa.

Ijumaa, 30 Machi. Ambanoro.

Baada ya swala nimesimama tena. Nikawapa nusu ya pili yote, Musa, mwenye njaa, wale watatu. Nikaomba Madi afunguliwe. Nikasema ana sababu, ninaijua, na siisemi.

"Sababu hiyo ina mkia na mapezi?" mmoja akauliza. Msikiti ukacheka. Nimewauzia papa wengi mno.

Imamu hakucheka. Alisema kwa upole, "Kesho kila mwizi atakuwa na sababu isiyosemwa. Wewe ndiye uliyetufundisha, hakuna lakini."

Nilikuwa nayo mdomoni. Kisa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo, tena cha kweli. Ningekisema wangelia wote. Madi angefunguliwa papo hapo, nami ningesifiwa mpaka Idi. Na jioni watoto wangemwendea Bi Eshata dirishani kumwigiza mayowe.

Nikameza. Wakakataa.

Naona haya. Nina hasira. Sina wa kumwambia.

Jumamosi, 31 Machi

Asubuhi kisimani, watu wamejaa. Madi anavuta maji peke yake. Nikasema kwa sauti ya mwadhini, "Asalaam aleikum, Madi!"

Kamba ikamponyoka. Akawatazama watu. Faradhi ni faradhi. "Waaleikumu salaam." Akachukua ndoo, hata haijajaa, akaenda zake bila kunitazama.

Alasiri nikaletewa habari. Anayemsemesha aliyetengwa hufuata njia yake. Nami nimetengwa. Nilitafuta upenyo katika sheria ile, sikuuona. Niliiziba vizuri. Kazi zangu hazivuji.

Jumapili, 8 Aprili

Kiwandani nafanya kazi, naonyeshwa kwa kidole pa kulehemu. Dukani chumvi hakuna. Kwa wengine ipo.

Jana niliacha nusu ya mafuta yangu ya taa kwenye kizingiti cha Madi. Leo chupa imerudishwa kwangu tupu, imeoshwa. Hakuna neno. Sikutegemea neno. Hukumu ile nilimsomea mimi.

Jioni jua halijazama nimekwenda kukaa barazani kwao bila kualikwa. Bi Eshata alikuwa anachambua mchele. Alinisogezea mkeka. Madi alikuwa ndani, namsikia anasugua sufuria.

Sikuwa na la kusema, nikamsimulia bibi habari ya papa. Nikasema alikuwa mrefu kama msikiti. Bibi akacheka, "Muongo huyu." Nikafika pale ninapovua kilemba. Nikanyamaza. Sauti yangu ilinichosha mwenyewe, mara ya kwanza.

Ndani, kusugua kulikoma.

"Kisha?" Madi akauliza.