Namba Moja ya Mtoto, Namba Mbili ya Ukumbi

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Mazoezi ya kwanza na bendi tangu nijifungue. Wiki nzima, mtoto akilala mchana, nimekuwa nikitengeneza sauti ya gitaa kwenye kisanduku changu cha kukanyaga kinachoigiza amplifaya. Sauti chini kabisa. Besi nikapandisha, makali ya juu nikapandisha, mkwaruzo unaolifanya gitaa lingurume nikaumwaga. Ikawa tamu, nikajisifu peke yangu.

Leo ukumbini spika zimefunguliwa — uji! Besi inavuma, juu kunachoma masikio, gitaa lenyewe halisikiki. Mpiga ngoma wetu, Kishindo, kauliza kama nimefuga nyuki kwenye debe. Wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje.

Kiongozi hakucheka. Kasema Jumamosi ni onyesho, na mpwa wake naye anapiga gitaa. Nikiharibu tena siku hiyo tukijaribu vyombo kabla ya onyesho, mpwa atapanda jukwaani. Mahali pangu!

Jumanne, 4 Machi

Macho yamejaa mchanga. Mtoto anaota jino. Wifi, anayekaa nasi, kaniambia niuze kisanduku ninunue blenda. Nikamwambia blenda haijui solo.

Nimekijaribu tena chinichini. Kitamu! Ndipo ninapochanganyikiwa. Nyumbani asali, ukumbini uji.

Jumatano, 5 Machi

Jino. Sikugusa gitaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!!

Wifi kamtoa mtoto kumtembeza. Nikasema liwalo na liwe, nikafungua spika kwa nguvu mpaka vijiko vikacheza kwenye sahani. Uji uleule, chumbani kwangu mwenyewe! Kumbe kisanduku hakina kosa. Ni kama juisi ya baridi kali: sukari huisikii, unaongeza, unaongeza. Baridi ikitoka, hainyweki. Sikio nalo ndivyo lilivyo. Sauti ikiwa chini halipati besi wala makali, nami namwaga tu.

Basi, humohumo kwenye kelele, nikapunguza besi. Mkwaruzo nikapunguza nusu. Sauti za kati, ambazo siku zote nazionea, nikazipandisha. Likaimba! Nimepiga kelele kama kichaa. Jirani kagonga ukuta. Samahani shemeji, dakika mbili tu! Kumbe hanigombezi — anataka nirudie kile kipande cha mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Mtego. Mtoto kalala, nimeshusha sauti — nyembamba kama bati. Mkono ukaniwasha nirekebishe. Nikaukanya kwa kikofi, kama ninavyomkanya mtoto asiguse pasi. Nimehifadhi sauti mbili kwenye kisanduku: namba moja ya hapa nyumbani, namba mbili ya ukumbini. Mbili haiguswi. Hata na mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nyuma ya jukwaa kwa mkono mmoja, mtoto ananyonya.

Tumeshajaribu vyombo. Mpwa alikaa mstari wa mbele, gitaa limeshatoka kwenye begi. Nikakanyaga namba mbili. Noti ya kwanza tu, fimbo za Kishindo zikaganda hewani! Kiongozi kauliza nimenunua amplifaya gani. Nikamwambia ni kisanduku kilekile. Hakuamini, kaja kuinama kukitazama. Halafu kanyoosha kidole kwenye besi, eti tuongeze kidogo hapa.

Nikamchapa mkono. Kile kikofi cha pasi! Kimetoka chenyewe.

Kishindo kajificha nyuma ya ngoma. Kisha kiongozi kaangua kicheko, kasema haya mama, tumesikia, mkono wangu nimeurudisha. Kamwambia mpwa arudishe gitaa begini aniletee maji. Kaleta kweli, na shikamoo juu! Kaniuliza namba mbili nimeipataje. Nikamwambia afungue spika kwanza, ndipo aguse vitufe. Na aagane na majirani.

Wifi kasimama mlangoni, anamsubiri mtoto akae naye nje, mbali na spika. Kasema blenda tuiache kwanza. Kishindo anagonga fimbo — wananiita. Mtoto haachii. Taratibu, baba, mama anakwenda kazini. Kanitazama tu, kaning'ang'ania na —

Uuuwi! Kaniuma! Jino limetoka! Wananiita tena, gitaa liko begani, naye bado —