Mkungu wa Ndugu wa Skotilandi

Baba, shikamoo!

Huku Nkwenda kwa shangazi mvua haikatiki, na vituko pia. Ile riwaya niliyompa Krismasi, ya ukoo wa wacha Mungu wa Skotilandi enzi za farasi, imemnyima usingizi: humo kaka na dada wamenuniana kwa ajili ya shamba la urithi. Basi akawaombea maombi kwenye jumuiya, ila hakusema kwamba ni watu wa kitabuni!

Jana tukiwa tunamenya ndizi, majirani wakaja na mkungu mzima. "Wapelekee hao ndugu zako tuliowaombea, wapike chungu kimoja wapatane." Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka. Ikabidi shangazi aungame, nao wakacheka kuliko mimi, lakini mkungu wakakataa kuuchukua. Walishauombea, haurudi.

Walipoondoka, shangazi akautazama weee. "Baba yako hajanisalimia tangu tugawane kibanja cha migomba alichotuachia mama," akasema. "Mpelekee. Mwambie mimi nimeshaombewa, bado yeye."

Nauleta Jumamosi, Baba. Tafuta chungu kikubwa, maana shangazi naye nimemkatia tiketi.

Mwanao akupendaye,
Koku