Mke Niliyemtoa Nikabaki na Ghala

Majengo, Songea

Mama Neema mke wangu,

Nakusalimu wewe na mtoto wetu. Mama anaendeleaje na magoti? Mpe shikamoo yangu. Mimi mwili mzima, ila moyo una hofu, na kwa simu nimeshindwa kusema.

Unajua hapa steshenari wateja wakipungua huwa nacheza gemu za vita kwenye kompyuta. Zile za zamani zilikuwa kupanga askari na chakula tu. Akifa mmoja unatengeneza mwingine, hata jina humjui. Hii mpya wameiboresha kweli. Wewe ndiye mtemi, na kila mtu wako ana jina, ana tabia, ana kinyongo. Unachagua uwe mtemi wa namna gani, na ukishachagua hairudi nyuma, watu wanakumbuka ulichowatenda. Ndiyo utamu wake. Basi nikawapa majina ya nyumbani. Mke wa mtemi nikampa jina lako.

Adui akatuzingira, akataka nitoe mke au nitoe ghala la mahindi. Mama Neema, sikufikiri. Nilitoa mke.

Jirani yangu Komba, fundi viatu, Mngoni, alikuwa nyuma yangu anatazama. Akasema, "Mnyamwezi wewe, siku ukifa mimi mtani wako nitalala kaburini mwako nizuie maziko. Nani atanibembeleza nitoke? Ghala?"

Tukacheka. Vita ilipoisha nikatuma watu wakamrudishe. Yule mke akakataa. Maneno yakatokea kwenye kioo, kwa Kiswahili ni hivi: "Nimeshazoea huku."

Nilizima kompyuta. Maana Pasaka nilikuuliza kwenye simu kama upweke haukusumbui, ukanijibu hivyo hivyo, nami nikaona ni jibu zuri.

Ulitaka kuja, nikasema subiri duka likae sawa. Ukaomba tena, nikasema subiri. Mke wangu, duka lilishakaa sawa zamani. Nilipenda tu kukaa bila wa kuniuliza. Nisamehe.

Jumamosi nafunga duka, napanda basi la kuja Nzega. Naogopa sana. Kama hutaki tena kuishi nami, unikatalie tukiwa tunatazamana, siyo kwa simu.

Msalimie kaka yangu mkubwa, na shangazi anayetuuzia maziwa. Neema usimwambie kitu kwanza, mpaka wewe uwe umeshaamua.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema