Bakuli la Kutemea

Mpumudde, Jinja
4 Machi 1974

Mpendwa Dada Nafuna,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yako Margret. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi. Chupa mbili ulizompa Zubairi zimefika, naye ameendesha lori kama aliyebeba mayai.

Unajua nisivyopenda divai tamu. Utamu mwingi huficha kazi mbovu. Miaka yote watu wa mjini walinunua karatasi ya chupa, lile jina la Ulaya, si kilichomo ndani. Sasa Wahindi wamefukuzwa, maduka yao yamefungwa na karatasi zimekwisha. Ndipo tutajua nani anajua kazi. Divai yako ya nanasi ni kavu, inauma ulimi kidogo, halafu inakuachia asali ya mlimani. Niliimeza.

Wasikilizaji wangu wa redio wanajua: kizuri nameza, kibaya nakitema kwenye bakuli la bati mbele ya kipaza sauti, mpaka lilie wasikie. Wewe hunicheka kwamba natema kama mtoto aliyepewa kwinini. Cheka tu. Jumapili nikipanda basi kwenda Kampala kutangaza, nitakutaja kwa jina.

Mdogo wako,
Joash

Mbale
1 Aprili 1974

Mdogo wangu Joash,

Hujambo, na kikohozi? Sisi tuko hai, tunashukuru.

Sifa zako zimetuletea wageni wa aina mbili. Mchungaji Gaster anataka divai yangu kwa meza ya Bwana siku ya Pasaka, maana ile ya kutoka nje imekwisha. Nililia kwa furaha. Wa pili ni askari wa kambini. Jumamosi tatu mfululizo wamechukua chupa zote. Juzi mkubwa wao alimtazama Margret tangu miguu hadi kichwa, akaniambia, "Mama, pombe yako muzuri sana. Pasaka ikipita, huyu mutoto atakuja kambini kutupea."

Ana miaka kumi na sita, Joash. Kumficha siwezi, nyumba yetu wanaijua. Wewe ndiye uliyewaita, fanya neno.

Dada yako,
Nafuna

Mbale
14 Aprili 1974, Pasaka

Joash,

Sina salamu. Asubuhi kanisa zima limepokea divai yangu mezani pa Bwana. Jioni umetangaza kwamba imeoza, kwamba inaharisha, kwamba atakayeinywa atalala chooni. Umetaja jina langu mara tatu. Mchungaji alikuwa amekaa sebuleni kwangu, redio iko katikati yetu. Alichukua kofia yake akaondoka.

Nilikuomba msaada, ukanivua nguo mbele ya Mbale nzima. Usiniandikie.

Nafuna

Mbale
22 Aprili 1974

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Unakula? Unalala?

Juzi Jumamosi walikuja. Yule mkubwa hakushuka hata garini. "Mama, ile sumu yako kunywa peke yako," akasema. Wenzake wakavunja mitungi miwili ya divai, wakaenda zao. Margret hawakumtazama.

Niliketi chini pale pale kwenye vigae. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ulisema mabaya yote ya dunia, lakini bakuli halikulia. Ulimeza, Joash. Mimi niliyekulea sikusikiliza. Nisamehe, naona aibu hata kuandika.

Dada yako,
Nafuna

Mpumudde, Jinja
6 Mei 1974

Mpendwa Dada,

Mimi mzima wa mwili. Hakuna cha kusamehe. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu ya kinywaji, na kwa Margret ningeurudia kesho.

Barua hii nampa Zubairi mkononi, maana za posta zinafunguliwa. Hapa kuna kiwanda kipya cha divai katika ghala aliloacha Mhindi mmoja. Mwenyewe ni mkubwa wa jeshi mwenye bastola kiunoni. Ndani ya chupa hamna tunda lolote: spiriti, rangi na maji. Kule Bugembe watu wawili walioinywa wamepofuka. Beldina aliyekuwa akiniuzia maandazi tumemzika Alhamisi.

Wamenipa karatasi ya sifa niisome Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Wameniambia, "Neno lako liliua pombe ya mwanamke wa Mbale, basi litauza yetu." Mwezi huu wanapeleka makreti huko kwenu pia. Dada, sijui nifanye nini.

Mdogo wako,
Joash

Mbale
13 Mei 1974

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Soma hiyo karatasi. Sema ni bora kuliko ya Ulaya. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nitawaonya watu wa huku mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Ukimaliza, panda na Zubairi akuvushe Kenya kwa baba mdogo. Nakusihi kwa jina la mama, usijifanye shujaa.

Dada yako,
Nafuna

Mbale
20 Mei 1974

Joash wangu,

Tulikusikia. Ulisoma karatasi yote bila kuruka neno, nikamshukuru Mungu. Kisha ukasema, "Sasa naionja." Ukamimina. Ukaonja. Halafu bakuli likalia.

Margret alinishika mkono. Mara wakakukata, wakapiga muziki wa bendi ya jeshi, wakaupiga mpaka saa ya habari.

Leo sokoni hakuna aliyegusa chupa zile. Wenye maduka wamezirudisha kwenye makreti. Nina hasira na wewe, na ninajivuna mpaka nashindwa kula. Zubairi anafika na barua hii kesho alfajiri. Usifunge hata mzigo, ondoka naye.

Dada yako,
Nafuna

Mbale
29 Septemba 1974

Mdogo wangu,

Sijui uko wapi, lakini nakusalimu vile vile. Sisi wazima.

Barua yangu ya mwezi wa tano Zubairi aliirudisha haijafunguliwa. Alikuta mlango wako wazi na chumba kimepekuliwa. Alichoweza kuniletea ni bakuli. Nimelisugua kwa jivu, liko juu ya kabati.

Mchungaji Gaster amerudi kuchukua divai yangu. Hakuomba radhi, ila alionja mbele yangu, akameza, akalipa. Leo kabla ya ibada aliniuliza kwa sauti ya chini akutaje pamoja na marehemu au pamoja na walio safarini. Nikamwambia, safarini. Kikombe kilipofika kwangu nilitaja jina lako moyoni, nikameza.

Dada yako,
Nafuna