Kovu la Ario

Haarlem, 4 Februari 1702

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mafua, na hii ni barua ya nne bila jibu. Najua, wazee wa kanisa wamenitenga: marufuku kula nami meza moja, marufuku kuniandikia. Kisa, nilicheza dansi kwenye harusi ya Walutheri! Ungeniona nilivyocheza, ungepiga makofi.

Sasa mimi ndiye mchongaji hodari kuliko wote Haarlem (fundi Teunis bado hajajua). Tunachonga kwenye mabamba ya shaba sura za wazushi wa kale, za kitabu cha historia ya kanisa. Hakuna anayejua walifananaje, basi kila mmoja anaazimwa sura. Mani kapewa ya muuza samaki. Nestorio kapewa ya mkwe wa Teunis. Mimi nimekabidhiwa Ario, yule aliyefukuzwa kwa kusema Mwana si sawa na Baba. Mngeelewana!

Jumapili wenzangu wote huenda kwao. Karakanani nabaki mimi na wazushi.

Mwanao,
Jurre

Haarlem, 20 Mei 1702

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Bado kimya. Haya, nakutumia Ario. Nimempa sura yangu, angalau mmoja wetu aingie kitabuni. Sina kioo, nilijipapasa tu. Hata kovu la tanuri lako la mikate nimelitia, juu ya jicho la kushoto. Lakini bamba likipigwa chapa picha hugeuka, nami nikasahau. Limetokea kulia. Teunis kanicheka: "Jogoo wewe, hata uso wako huujui!"

Ukiichoma, niambie. Ukinyamaza na safari hii, siandiki tena.

Mwanao,
Jurre

Workum, 11 Juni 1702

Kwa Bwana Ario, mzushi,

Salamu. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza. Mwanangu siruhusiwi kumwandikia, lakini wewe wazee hawakukutaja.

Mzee Sybren wa kanisa alikuja, akakukuta mezani umeegemea mtungi wa maziwa. "Huyu si Jurre?" Nikamwambia, "Soma jina hapo chini. Halafu kovu la mwanangu liko kushoto." Akakukazia macho mpaka supu yangu ikapoa, akaenda zake. Sikusema uongo.

Tangu mama yake Jurre afariki nilikuwa nakula peke yangu. Sasa tunakula wawili. Huli sana, ila kijiko nakuwekea.

Ukimwona kijana wangu, mwambie lile bamba asilirekebishe.

Baba yake Jurre