Makofi Niliyompigia Hawa

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika saa hizi tu. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope la Bwaise. Nimepika chai ikapoa, nikaipasha, imepoa tena. Sina raha, na sitajifanya ninayo.

Wanaonisoma hapa wananijua: Mwalimu Akello, darasa la pili, shule moja ya msingi hapa Old Kampala, mtoto wa kambi ya polisi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoitumia kugombania mpira kambini, watoto wa kila kabila na kila dini. Tena wenzangu shuleni ni wavivu wa kukisoma. Leo huo uvivu wao unanifaa.

Jana nimemuumiza mtoto.

Anaitwa Hawa, ana miaka minane, na ana usonji. Kwao ni Wanubi wa mtaa wa Bwaise, bondeni. Mama yake anauza mitumba ya watoto katika soko la Owino, na Hawa alikuwa akishinda naye huko juu ya furushi. Kabla ya kuja kwetu alishakataliwa kwingine, wakisema mtoto hasemi, hasikii, hana adabu. Siku moja Mama Hawa alipita nje ya geti letu akaona bango la mwalimu mkuu: TUNA MWALIMU MTAALAMU WA USONJI.

Mtaalamu ndiye mimi. Chekeni tu, hata mimi nilicheka nilipoliona. Halafu nikazoea, na huko kuzoea ndiko kulikoniponza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulijitembeza kwa herufi nyekundu.

Utaalamu wenyewe niliupata kwenye semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Tulipewa mfuko wa kitambaa, kalamu, sambusa za moto, na mwishoni cheti. Sisemi haikuwa na maana. Mwezeshaji alikuwa mama mpole anayeijua kazi yake, na mimi niliandika mpaka vidole vikauma. Alituambia kwamba kwa baadhi ya watoto hawa kelele si kelele tu, inawaumiza mwilini kama kofi la shavuni. Nikapigia mstari. Alipomaliza somo hilo, mshereheshaji akasimama akasema jamani, tumpigie mwezeshaji wetu makofi. Tukampigia. Ukumbi mzima, wengine na meza wakazigonga. Hakuna aliyeshtuka, hata mwezeshaji mwenyewe. Aliinama kidogo akashukuru.

Waliahidi kutufuata mashuleni, wakae nyuma ya darasa watuangalie tukifundisha, watuambie tunapokosea. Labda mfadhili aliishiwa, sijui. Hakuna aliyefika. Kundi letu la WhatsApp siku hizi ni la matanga na dua za asubuhi. Nilipouliza mle nifanye nini mtoto akikataa kuingia darasani, nilijibiwa kwa picha ya mikono iliyofumbatana.

Basi nikabaki na cheti. Mwalimu mkuu alikitia kwenye fremu, akakitundika ofisini kwake, juu ya kiti cha wageni.

Lakini Hawa na mimi tulikuwa tunaenda, nasema kweli. Nilimchorea siku yake kwenye maboksi ya sabuni: picha ya ubao, picha ya uji, picha ya mlango wa kwenda nyumbani. Nikimweka karibu na dirisha anatulia. Akifikiri sana anaikalia mikono yake, anaisukuma chini ya mapaja na kuikandamiza kwenye benchi. Mwanzoni nilimwambia aitoe, kama tulivyozoea kuwaambia watoto. Baadaye nikamwacha, nikaona kumbe ndivyo anavyojishika asipeperuke. Akawa ananinong'oneza maneno. Sauti alikuwa hajawahi kuitoa mbele ya wenzake, na wenzake walishaamua kwamba hana.

Jana baada ya uji lilikuwa somo la Kiswahili. Niliandika ubaoni: Mbuzi wa babu amekata kamba. Nikauliza nani atasoma. Mikono ikainuka msitu mzima. Hawa hakuinua mkono. Alisimama.

Akasoma sentensi yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma.

Darasa zima likageuka kumtazama. Nilihisi machozi yanakuja. Na hapo, kabla sijafikiri hata kidogo, nikasema kile ninachosema kila siku ya Mungu mtoto akipata jibu: mpeni makofi yake.

Asiyejua makofi ya shule yetu na ayajue leo. Ni mikono mara tatu, kisha madawati mara tatu, kisha miguu mara tatu sakafuni, halafu darasa zima linaliita jina la mtoto kwa pamoja, kwa nguvu zote. Mimi ndiye niliyeyaanzisha. Watoto wanayapenda kuliko uji. Hakuna mwalimu wa hapa anayeweza kuacha jibu sahihi lipite bila makofi. Ni sawa na kumpokea mgeni bila kumpa kiti. Na jana waliyapiga kwa moyo wote, bambi, maskini, kwa sababu walimfurahia kweli. Hakuna mtoto aliyemtakia Hawa baya.

Yalipofika kwenye madawati Hawa alikuwa ameshaziba masikio. Yalipofika kwenye miguu alikuwa anapiga mayowe. Alijitupa chini ya dawati, na mimi mtaalamu nikamrukia nikamkumbatia, kosa la pili juu ya la kwanza, maana anaposhikwa ghafla ndiyo anazidi kuogopa. Alijinasua kwa nguvu, paji la uso likagonga pembe ya chuma. Damu ikamfunika jicho. Alijikojolea. Watoto wengine wakaanza kulia, wengine wakakimbilia nje.

Alishonwa juu ya nyusi. Jicho ni zima, nashukuru Mungu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo limeninyima usingizi, maana hayo ya juu ningeweza kuyaita bahati mbaya.

Mama Hawa alifika kutoka Owino na kanga yake mabegani, anahema. Tulikuwa ofisini, chini ya cheti changu. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, lakini alikuwa ameshaona wazazi wawili getini wakiuliza kama watoto wao wako salama. Akamwambia kwamba Hawa alichanganyikiwa ghafla, bila sababu yoyote, na kwamba mtoto wa hivyo ni hatari kwa wenzake. Jumatatu asubuhi wataongea, ila ajiandae kumtafutia shule nyingine. Kisha akanigeukia. Akasema hata mtaalamu wetu alijaribu kila kitu.

Nikapiga kimya.

Nilijua sababu. Ilitoka mdomoni mwangu. Nikaangalia viatu vyangu, nikajifanya hamnazo, nikamwacha mama yule atoke na mtoto wake na plasta na uongo.

Leo sikuweza kukaa. Mvua ikinyesha vile vile nikapanda boda mpaka Bombo Road, na kutoka hapo nikatembea, maana dereva alikataa katakata kuingia kwenye maji. Bwaise mvua hii haibishi hodi. Nilimkuta Mama Hawa amepandisha mafurushi ya mitumba juu ya meza na anachota maji ndani ya nyumba kwa beseni. Nikavua viatu, nikachukua sufuria nikamsaidia. Tukachota pamoja mpaka sakafu ikaonekana.

Hawa alikuwa juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Aliponiona, aliziba masikio.

Sikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa nimesimama tu. Aliona uso wangu akaziba masikio, na hilo nitakufa nalo.

Nikamwambia mama yake kila kitu. Kwamba mtoto hakuchanganyikiwa. Kwamba alisoma, mbele ya darasa zima, kwa sauti. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia, hebu fikiria. Kwamba mimi nikaamuru makofi huku nimeshafundishwa kwamba kelele zinawaumiza. Kwamba ofisini nilijua na nikanyamaza. Alikaa juu ya furushi moja akafuta uso kwa ncha ya kanga, na sikujua kama analia kwa kusoma kwa Hawa au kwa nilichofanya mimi.

Aliponiuliza, hakupandisha sauti.

"Mwalimu, niambie ukweli. Unajua unachofanya na mtoto wangu?"

Ningeweza kutaja cheti. Nikamjibu kwamba najua kidogo, na hicho kidogo hakitoshi, na sina wa kumuuliza. Kwamba mengi najifunza kwa Hawa mwenyewe.

"Basi jifunze haraka," akasema. "Utoto wake hausubiri semina."

Akaniambia Jumatatu atakuja naye. Lakini lile neno la kwamba mtoto amechanganyikiwa bila sababu nitalisahihisha mbele yake na mbele ya mwalimu mkuu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Asiposikia hivyo, atamchukua Hawa na sitamwona tena. Nikasema sawa. Kusema sawa ndani ya nyumba ya mtu, umekalia stuli yake, ni rahisi.

Kabla ya kuondoka nilikaa kidogo pale karibu na mlango. Niliionea haya mikono yangu, sikujua niiweke wapi, nikaisukuma chini ya mapaja nikaikalia. Mama Hawa alikuwa anakamua vigauni vya watoto mlangoni. Baada ya muda nikageuka, nikaona Hawa ananiangalia. Si mimi hasa, anaangalia nilivyokaa. Akashusha mkono mmoja.

Sikio moja tu. Jingine liliendelea kuzibwa mpaka nikatoka. Sikulalamika. Hata hilo moja sikustahili.

Sasa niko hapa na chai yangu iliyopoa. Najua la kumwambia mwalimu mkuu, nimelirudia nikitembea mpaka mwenye duka la jirani akaniuliza naongea na nani. Nitamwambia sababu ilikuwa mimi. Nitamwambia alishushe lile bango, au aandike kwamba tuna mwalimu anayejifunza, tuone nani ataleta mtoto. Nitamwambia awapigie watu wa semina waje wakae nyuma ya darasa langu, hata kama nitaaibika, afadhali niaibike mimi. Na darasa langu nitalifundisha furaha isiyogonga madawati. Hilo najua litakuwa gumu kwangu kuliko kwa watoto.

Lakini naijua ofisi ile. Naujua ule mdomo wangu unavyokuwa mzito mkubwa akishaongea. Kambini tulilelewa hivyo: afande akisema, limekwisha. Ikiwa nitanyamaza tena, Hawa atarudi kwenye furushi la mitumba kule Owino, na shule nyingine itaambiwa kwamba ni hatari.

Kesho Jumapili nitaenda kuomba nguvu. Keshokutwa nitasimama chini ya cheti changu.

Hawa, mtoto ambaye kila mtu alisema hasemi, alisimama mbele ya darasa zima bila kuitwa, akasema. Mimi je?